Ng'ombe Mwekundu na Gari la Kupanda Mawe

Ukunda
Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Bibi yangu Mwanarusi,

Shikamoo. Sisi wazima. Husna anakusalimu, na tumbo lake sasa linafika mlangoni kabla yake. Chirau, yule wa kubeba maziwa kwa pikipiki, ameniambia simu yako bado imekufa, ndiyo maana nakuandikia tena kwa herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani. Na pia kwa sababu hili ninalotaka kukwambia, mdomoni halitoki.

Bibi, nataka umuuze ng'ombe wangu, yule dume mwekundu.

Najua tulikubaliana nini. Ng'ombe ni wa kununulia tuktuk, nipate kazi kabla mtoto hajazaliwa. Lakini nimeona kitu. Mangi, fundi wa simu hapa jirani, ana gari dogo la rimoti. Si yale ya watoto ya kukimbizana sebuleni. Hili limeundwa kwa kupanda mawe. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Matairi manne yote yanavuta, lina springi kama za lori, na linakwenda polepole kuliko kobe. Mangi hulipeleka kwenye machimbo ya zamani ya mawe nyuma ya Ukunda akalipandisha majabali. Juzi alinipa rimoti nishike. Nililiendesha saa nzima, nikasahau kula.

Sasa anataka kuliuza aagize jingine. Kuna mtu wa Diani analitaka, lakini Mangi ameahidi kuningoja hadi katikati ya mwezi ujao. Bei yake, pamoja na betri mbili na chaja, itamla ng'ombe mzima na kubakisha kwato.

Usinitukane kabla ya kufikiri. Ukishafikiri, nitukane.

Mume wako mdogo,
Nassir


Mkongani
Jumatatu, 13 Mfungo Saba (mwezi mwandamo)

Nassir,

Marahaba. Nimefikiri. Nilianza kufikiri Chirau aliponipa barua yako, nikamaliza nilipomaliza kukamua, na sasa nakutukana.

Una wazimu, mume wangu? Tangu siku uliyotoka tumboni mwa marehemu mama yako nakuita mume wangu, nikijisifu kwa wanawake wenzangu kwamba uzeeni nitakuwa na mume mwenye lori. Leo huyo mume ana miaka thelathini na miwili, mkewe ana mimba ya miezi saba, mwenyewe anashinda jikoni akimmenyea mkewe viazi vya kuuza, na anataka niuze ng'ombe anunue gari ambalo jogoo wangu atalipanda akidhani ni tetea!

Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu lori la tajiri wako lipinduke hapa kilimani Mwamkwaju. Watu wakiniuliza, Nassir yuko wapi, nasema anapumzika. Juzi jirani yangu mzee Mbwana aliniuliza, "Anapumzika kwa kazi gani?" Nikamfukuza kwangu na kahawa yake hajaimaliza. Lakini alipokwenda nilikaa nikajiuliza vilevile.

Nijibu haya. Gari hilo linabeba nini? Likienda sokoni, linarudi na nini? Mtoto akishikwa na homa, atakaa wapi ndani yake?

Mimi sikuingia skuli hata kwa kupotea njia. Nilichonacho ni hizi herufi nilizopigiwa bakora chuoni, na akili ya kujua kwamba ng'ombe akiwa hai analia, na hilo la Mangi likiisha betri halilii.

Nimekunyima. Si kwa choyo. Ungeniomba jino ningekung'olea, na yamenibakia manne. Lakini ng'ombe yule nimemkatia majani tangu akiwa ndama kwa ajili ya kukuinua wewe, si kwa ajili ya kukukalisha chini mchangani kama mtoto.

Chirau anakuletea mihogo na nazi. Mihogo ni ya Husna. Wewe kula maganda.

Mke wako wa kwanza,
Mwanarusi


Ukunda
Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Bibi,

Shikamoo tena. Maganda nimekula.

Nakujibu kama ulivyouliza. Halibebi kitu. Likienda sokoni litarudi na vumbi. Mtoto hatakaa ndani yake.

Lakini kuna jambo sijakwambia. Mwezi wa tano kaka yake Husna alinipa pikapu yake nijaribu, uani tu, mbele na nyuma. Nilikaa, nikashika usukani, na mikono ikaanza kutetemeka hadi ufunguo ukaniponyoka. Nikashuka. Nikasema betri yake mbovu. Betri haikuwa mbovu.

Nikishika rimoti ya Mangi, mikono inatulia. Sijui kwa nini. Lile gari haliendeshwi kwa haraka. Unalisimamisha mbele ya jiwe, unalitazama jiwe, unachagua kila tairi likanyage wapi. Ukikosea, linabingirika, unalitazama tena, unachagua njia nyingine. Lori la kweli halikupi mara ya pili.

Siombi kuwa mtoto. Naomba kuendesha kitu.

Nassir


Ukunda
Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi Husna. Nassir hajui kama nakuandikia. Mwandiko wangu wa chuo umeota kutu, uniwie radhi ukikuta herufi zimelewa.

Bibi, mimi sikuolewa na gari la rimoti, na tuktuk naitaka kuliko unavyoitaka wewe. Aliponitajia habari ya kumuuza ng'ombe nililia, kisha nikamrushia mwiko. Lakini Jumapili nilimpelekea chakula kule machimboni. Nilimkuta amelala kifudifudi, shavu limegusa mchanga, anatazama tairi dogo linavyolishika jiwe. Anaongea nalo: "Taratibu, taratibu, mama, weka mguu hapo." Kisha likapanda. Bibi, alicheka. Kile kicheko chake cha zamani, cha kupiga paja la mtu wa karibu. Mangi ndiye aliyekuwa karibu. Mpaka leo analalamika paja.

Nilikuwa nimesahau kwamba nyumbani kwangu kulikuwa na kicheko kile.

Wiki iliyopita tulikwenda kliniki Msambweni. Alikaa kiti cha nyuma kabisa cha matatu, amefumba macho njia nzima, jasho linamtoka, mimi nampepea kwa kadi ya kliniki. Mama mmoja akaniuliza, "Mwenye mimba ni nani kati yenu?"

Basi nakuuliza wewe mwenye akili. Tukinunua tuktuk leo, ataiendesha nani?

Mke mwenzio,
Husna


Mkongani
Jumatatu, 20 Mfungo Saba

Husna mke mwenzangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu ya mwandiko, kwa kweli unaandika kama jongoo aliyetumbukia kwenye wino. Mara ya pili kwa sababu ya kile kicheko. Mara ya tatu kwa sababu ya swali lako, nalo ndilo lililonigeuza.

Usimwambie umeniandikia. Nitajifanya nimebadili nia mwenyewe. Wazee tunaruhusiwa kubadilika bila kutoa sababu. Watu hudhani ni akili zinatuhama.

Na huo mwiko, mwingine ukirusha, lenga magoti. Kichwa cha mume wetu tunakihitaji.

Mwanarusi


Mkongani
Jumatatu hiyohiyo, 20 Mfungo Saba

Nassir mume wangu,

Nimebadili nia. Usiulize.

Lakini mtu hanunui ng'ombe kwa kusimuliwa. Anafika zizini, anamfungua mdomo, anamtazama meno. Nami hilo gari lako nataka kulitazama meno. Mwombe Mangi akuazime, uje nalo hapa Mkongani Jumapili mojawapo, na yeye aje kama anahofia mali yake. Mimi nitachagua kilima. Likipanda, nitamuuza ng'ombe kabla kwato zake hazijakauka umande. Lisipopanda, utarudi kumenya viazi na habari hiyo sitaki kuisikia tena.

Kilima nimekwisha kukichagua. Ni Mwamkwaju. Kutoka kalvati, lile daraja dogo pale chini, hadi juu kwenye mlango wangu. Mvua zimekichimba, kina mawe na mifereji ya kutosha gari la jeshi.

Njoo na njaa. Nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Mwanarusi


Ukunda
Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Bibi,

Shikamoo. Kilima chochote, Bibi. Chochote utakacho. Mwamkwaju, hapana.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Hii ya tano naifunga bila kuisoma.

Wewe unajua lori liliteleza kwa sababu ya mvua. Kila mtu anajua hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyosema. Siku ile nilikuwa nimepakia matofali, nimeingia gia ya kwanza, naipanda Mwamkwaju vizuri kabisa. Ziro, utingo wangu, amesimama pembeni ya mlango akiniangalizia ukingo. Halafu simu ikalia, pale juu ya dashibodi. Nikatazama. Nikaona jina lako. Nikatoa mkono mmoja kwenye usukani niifikie.

Ni hivyo tu. Mkono mmoja, muda wa kupiga chafya. Tairi la nyuma likaingia mferejini, matofali yakahamia upande mmoja, lori likalala, na mguu wa Ziro ukawa chini yake.

Sikutaka ujue ni wewe uliyekuwa ukipiga. Nilijua ungelibeba jambo hilo hadi kaburini. Ndiyo maana nilifurahi simu yako ilipokufa. Nikasema basi, hatutaongea kwa simu tena, na hutaniuliza kuhusu siku ile.

Sasa umejua. Nisamehe. Ng'ombe usimuuze. Tuyaache haya.

Nassir


Mkongani
Jumatatu, 27 Mfungo Saba

Nassir,

Hivi wewe unadhani mimi ni yai?

Nimejua tangu siku ya tatu. Nilikwenda Msambweni kumtazama Ziro wodini, nimembebea uji. Nikamuuliza, mwanangu, ilikuwaje? Ziro hajui kusema uongo, huyo kijana amelelewa na mama yake Jumwa, na Jumwa hakuacha mtoto mwongo akue. Akanambia simu ililia. Nikamuuliza saa ngapi. Akanambia. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ukuta wa hospitali hadi uji wenyewe ulipopoa.

Unataka kujua nilikuwa nakupigia nini? Tambuu. Nilitaka uniletee tambuu na chokaa kutoka Kwale. Si maiti, si ugonjwa. Tambuu! Tangu siku ile sijaitia mdomoni, na watu wanadhani nimepata dini zaidi.

Na simu yangu haikufa. Iko ndani ya kasha, nimeifunga kwa kanga. Niliogopa kukupigia nikaua mtu mwingine.

Tumekaa miezi kumi na minne, mimi nakuficha wewe, wewe unanificha mimi, na katikati yetu Chirau anabeba barua za kuulizana hali ya hewa. Kama kuna wajinga wawili katika kaunti hii, mmoja yuko Ukunda na mmoja anakuandikia.

Sasa sikiliza, maana nitasema mara moja tu. Mimi nilipiga. Wewe ulitoa mkono. Mvua ilichimba njia. Na mwenye lori alikuwa ameacha matairi ya nyuma mpaka yakawa laini kama paji la uso wa mtoto, hilo pia Ziro aliniambia. Basi tugawane. Wewe chukua fungu lako, mimi nichukue langu, la mvua tumwachie Mwenyezi Mungu, na la mwenye lori atajibu mwenyewe. Fungu la watu wanne ukilibeba peke yako, hiyo si toba, ni ulafi.

Ziro anachechemea. Ni kweli. Pia ameoa mwezi wa saba, ana ghala la kupakia machungwa, na kila akipita hapa anauliza, "Bibi, dereva wangu atarudi lini?" Dereva wangu, anasema. Sijawahi kukuandikia hilo kwa sababu nilidhani litakuumiza. Nimekosea. Ulistahili kulisikia mapema.

Jumapili njoo na gari. Mwamkwaju. Sijabadili kilima, na safari hii sitabadili nia.

Mwanarusi


Mkongani
Jumatatu, 5 Mfungo Nane

Husna mke mwenzangu,

Najua jana aliporudi alikusimulia. Lakini hakukusimulia yote, kwa sababu yote hayajui. Soma, kisha uchome barua hii jikoni.

Walifika baada ya adhuhuri, yeye na Mangi. Kutoka lami hadi kalvati walikuja kwa miguu, kwa kuwa mume wetu alikataa kupanda pikipiki pale, kisha akaja kwangu kwa kijia cha mashambani asiipite ile njia ya lori. Huyo Mangi ameshika gari kifuani kama mtoto wa kwanza. Ananisalimu, "Sasa, shosho!" yaani bibi. Nikamwambia, mimi si shosho, mimi ni Mwanarusi binti Hamisi, na huko kwenu bara mkimsalimu mtu mzima hamwinami hata kidogo? Akainama mpaka nikamwonea huruma. Mtoto mzuri, ila amekosa kupikwa.

Nassir alisimama na mimi mlangoni pangu, juu kabisa. Kushuka hakutaka. Alimwachia Mangi aliweke gari pale chini kwenye kalvati, yeye akaliendesha kwa rimoti akiwa juu. Na lilipanda, Husna! Kitu kile kinapanda kama mbuzi mwenye deni la shetani. Linainua mguu huu, linapima, linainua mwingine. Lakini nilikuwa namtazama yeye, si gari. Lilipokaribia ule mfereji wa lori, macho yake yalirukia pembeni. Alilizungusha mbali, likapitia majanini.

Nikasema, nipe na mimi. Akacheka, "Bibi, hutaweza." Nikamwambia, nimezaa watoto sita bila rimoti, nipe. Nikashika. Kidude kimoja cha mbele na nyuma, kingine cha kukata kona. Si kazi ngumu. Cherehani yangu ina visa zaidi.

Basi nikalipeleka moja kwa moja kwenye ule mfereji, nikakata kona, nikalipindua.

Makusudi, mke mwenzangu. Matairi juu, tumbo kwa Mungu.

Nikapiga kelele, "Ooo, vidole vyangu vya uzee, nimeharibu mali ya watu!" Mangi akataka kukimbia kulichukua. Nikamshika shati. Nikamwambia, wewe keti, kunywa maji. Na Nassir nikamrudishia rimoti, nikamwambia, "Mume wangu, nimelipindua. Nenda ukaliinue."

Alisimama. Sitaki kukudanganya, alisimama muda ambao ningeweza kuchambua mchele wa watu watatu. Nilianza kujilaumu, nikasema moyoni, Mwanarusi, safari hii umezidi.

Halafu alishuka.

Alishuka hatua moja moja, akafika pale pale, akachutama. Hakuligusa gari kwanza. Aliweka kiganja chake ndani ya mfereji, kwenye udongo. Nilimwona anaupima kina, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Mimi nilikuwa nasoma kila sura ninayoijua.

Na papo hapo nani atokee pale chini? Ziro, na mguu wake, na fimbo yake. Wallahi si mimi niliyemwita. Au tuseme nilimwita, lakini nilimwambia aje alasiri, naye akaja mapema. Alimtazama Nassir, akalitazama gari limelala chali, akasema, "Dereva, hata dogo hivi pia umelipindua?"

Nilidhani mbingu zitaanguka. Nassir akamtazama. Kisha wakacheka, Husna, wakacheka wote wawili mpaka Nassir akaketi chini kwenye njia, na kicheko kikageuka kikawa kilio, na Ziro akaketi kando yake kwa tabu kwa sababu ya ule mguu, wakakaa. Walichoambiana sikukisikia. Sikutaka kukisikia. Nilimpeleka Mangi jikoni akanikunie nazi.

Nilipotoka, Nassir ana rimoti, yuko palepale mferejini, na Ziro yuko mbele ya gari anarudi kinyumenyume akichechemea, anapiga fimbo ardhini kama alivyokuwa akipiga mkono kwenye bodi ya lori: "Kata kushoto! Tena! Shika hapohapo! Twende, twende, twende!" Kwa gari la ukubwa wa paka. Likatoka mferejini, likapanda hadi mlangoni pangu, likasimama mbele ya miguu yangu.

Walikula wali wote. Samaki walibakiza miiba.

Usimwambie kamwe kuhusu vidole vyangu. Ndoa yetu sisi watatu itavunjika.

Mwanarusi


Ukunda
Jumamosi, 1 Novemba 2025

Bibi,

Shikamoo. Mangi anakusalimu na ameniomba nikuulize kama una mjukuu wa kike. Nimemwambia ajifunze kwanza kukuna nazi.

Gari halikuumia, usiwe na wasiwasi. Ni kioo tu kimepasuka. Kuendesha, Bibi, hujui, tusidanganyane. Ulilipeleka mferejini kana kwamba hukuuona. Lakini nimekusamehe kwa sababu ya uzee.

Nilikwenda pale nikapagusa. Sijui nilikuwa nategemea nini. Ni udongo tu. Ziro ameniambia mengi, mojawapo ni kwamba nikiendelea kumwomba msamaha atanipiga kwa ile fimbo.

Gari lilipanda kilima ulichochagua. Nangoja neno lako kuhusu ng'ombe.

Nassir


Ukunda
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Bibi,

Shikamoo. Isome hii uifikishe zizini haraka: ng'ombe asiuzwe!

Chirau amesema chama chao cha maziwa kimenunua pikapu, pikipiki imezidiwa na madebe. Wanatafuta dereva anayeijua njia ya Mkongani. Ijumaa niliwaza siku nzima. Jumamosi nikamwambia Chirau, kaa kando yangu, usiseme neno. Nikawasha. Mikono ilitetemeka kutoka hapa hadi njia panda. Basi nikafanya kama na lile gari dogo: nikasimamisha, nikalitazama shimo la kwanza, nikachagua tairi lipite wapi. Kisha shimo la pili. Nilifika Waa na kurudi. Chirau hakusema neno, ila alisali kwa sauti.

Watanijaribu kuanzia Jumamosi ijayo. Bibi, sihitaji tena gari la rimoti. Nilitaka kitu cha kunifikisha hapa, na nimefika. Ng'ombe abaki kwa ajili ya mtoto.

Nassir


Mkongani
Jumatatu, 19 Mfungo Nane

Nassir mume wangu,

Ng'ombe amekwenda.

Wanunuzi wawili wa kwanza niliwafukuza, mmoja alimwita dume langu mbuzi mkubwa. Wa tatu ana harusi ya binti yake huko Msambweni, ni mtu wa adabu, alimsifia ng'ombe kabla ya kutaja bei. Nililia kidogo. Si kwa ajili ya ng'ombe, kamba ilinichuna mkono.

Chirau anakuletea bahasha pamoja na barua hii. Kanunue gari lako, mume wangu. Nilisema likipanda nitauza, na lilipanda. Sitaki mtu aseme Mwanarusi ana maneno ya maji.

Mwanarusi


Mkongani
Alhamisi, 22 Mfungo Nane

Nassir,

Chirau ameniambia mlivyosimama pale mlangoni pako, wewe unampa barua ya kusema usiuze, yeye anakupa bahasha ya kusema nimeuza, mkatazamana kama vipofu wawili. Nimecheka mpaka Mbwana akaja kuuliza kama kuna msiba.

Nimesoma habari ya pikapu. Nimeisoma nimesimama. Kisha nikatawadha nikasali rakaa mbili, na baada ya hapo nikala embe zima peke yangu kwa furaha. Hayo ndiyo ninayosema kuhusu habari hiyo. Nikisema zaidi nitalowesha karatasi.

Sasa kuhusu pesa. Unasema gari hulihitaji, na Chirau anasema unataka kurudisha bahasha. Usinirudishie. Mtoto ana mbuzi wawili wamekwisha zaliwa kabla yake, nimewatia alama. Ng'ombe nitapata mwingine, yule jike mweusi ana mimba kama Husna.

Bahasha hiyo nunua gari. Si lako. Langu. Tangu Jumapili ile nalifikiria. Nikikaa barazani natazama kile kilima, natazama mawe, nawaza: pale ningepita kulia, lile jiwe jeupe ningelizunguka. Mzee Mbwana anadhani naswali kimyakimya. Nina miaka sabini na mitatu, magoti hayanifikishi tena kisimani, na kuna kitu kinachoweza kushuka na kupanda pale huku mimi nimekaa. Unaninyima?

Mwambie Mangi sitaki kioo kilichopasuka. Abadilishe, na asinitoze, maana kilipasuka wakati wa majaribio.

Mke wako wa kwanza,
Mwanarusi


Ukunda
Ijumaa, 14 Novemba 2025

Bibi yangu,

Shikamoo mara mia. Nimelinunua. Mangi ametia kioo kipya na akakataa kulipwa. Anasema wewe ukimdai atahamia Lamu. Amekuchajia betri zote mbili. Amenifundisha nikufundishe: likianza kunung'unika, liache lipumzike, usililazimishe.

Husna ameliona sanduku, akanitazama, akasema, "Bibi anaendesha vibaya hivyo, kwa nini umnunulie?" Kisha akacheka peke yake jikoni kwa muda mrefu. Nilimuuliza anacheka nini, akasema mimba.

Kesho ni siku yangu ya kwanza. Wamenipangia kuanza Mkongani, madebe yawe tayari saa kumi na mbili asubuhi. Sanduku lako nitalifunga mkanda kwenye kiti cha mbele. Ziro ameomba apande nyuma na madebe, anasema dereva wake hapandi Mwamkwaju bila utingo.

Nitaingia gia ya kwanza pale kwenye kalvati. Utanisikia. Usitoke mbio barazani kunipungia, Bibi, sitakujibu. Nitakuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili.

Mume wako,
Nassir